Kompresa ya Triza Itawashwa

Nyumba Na. 41,
Kaloleni, Nairobi.
11 Juni 2025

Mpendwa Mjomba Shiundu, komredi wa nyundo na jasho,

Nakusalimu kwa ngumi iliyoinuliwa, ingawa ni ya kushoto. Mkono wa kulia umo ndani ya plasta. Je, kifua chako kimeacha kukohoa moshi wa kuchomelea? Lodwar kungali tanuri? Na mkaza mjomba Annah, uvimbe wa miguu umepungua? Mama hajambo. Sisi tungali hai, na wiki hii neno hilo silitamki kwa mazoea.

Dada yangu Triza amejitengenezea kompresa, mashine ya upepo wa kupulizia rangi. Alichomoa pampu katika jokofu bovu, akaiunga na tangi la upepo wa breki, alilolitoa katika lori lililokwisha kukatwakatwa. Geji ya kupima nguvu ya upepo aliiokota kwenye skrapu, lundo la vyuma chakavu. Kama ulivyomfundisha, alilijaza tangi maji kwanza ili kupima viungo, akakataa katakata kulitia upepo kabla halijamaliza siku nzima bila kudondosha tone. Sasa angepaka rangi mageti yake mwenyewe pale Baba Dogo, bila kumpigia magoti Ng'ang'a, mwenye kompresa pekee katika safu yetu ya karakana, anayeamua nani afanye kazi na nani akae.

Triza aliniomba jambo moja: tufanye kazi kimyakimya mwezi mmoja, watu wauzoee mlio wa mashine. Mimi, mwana wa mihadhara, siku ya kwanza tu nikapanda juu ya benchi nikaitangazia safu nzima kwamba ufalme wa Ng'ang'a umezikwa. Walinishangilia. Kosa hilo ni langu, wala silifuniki.

Kesho yake asubuhi Ng'ang'a alikuja na vijana watatu wenye nondo. Wa nne, Frankline, alibeba nyundo kubwa.

"Msomi, leo hakuna hotuba?" Ng'ang'a akauliza.

"Msiiguse! Iko na upepo!" Triza akapiga kelele.

"Hata wewe tutakutoa upepo, madam," Frankline akacheka.

Nikasimama mbele ya mashine. Nondo ya mmoja wao ikanipiga mkono wa kulia. Niliusikia mfupa ukivunjika kabla ya kuhisi maumivu. Nyundo ya Frankline ikaangukia kiungo cha mpira wa kupitishia upepo. Mpira ukachomoka, ukaruka ukicharaza huku na huko, na ncha yake ya chuma ikampasua Frankline shavu hadi meno yakaonekana. Ng'ang'a na wenzake wakatoroka, wakamwacha akigaragara damuni.

Hapo safu ikafurika. Mawe yakaokotwa. Mtu akaviringisha tairi kuukuu. Na sauti ya kwanza kupaza "Mchomeni!" ilikuwa yangu, Mjomba. Mimi, niliyepigwa vitoza machozi nikiandamana kupinga kuuawa kwa vijana wenzangu, nilitaka kumwona kijana mwenzangu akiungua.

Triza alisimama juu ya Frankline, mguu huku na mguu huku, spana mkononi.

"Wa kwanza kumgusa, navunja magoti. Hata wewe, Owen. Toa shati!"

Nikalivua kwa mkono mmoja. Akamfunga taya kwalo, akampakia kwenye mkokoteni, akausukuma mwenyewe hadi zahanati. Frankline ameponea chupuchupu, ila hatatafuna kwa muda mrefu.

Ng'ang'a ametuma ujumbe: siku mlio ule utakaposikika tena, karakana itageuka majivu. Mafundi waoga wamefunga milango. Wakali wanataka niwaongoze tukamchome yeye kwanza, na nakiri, damu yangu inawaitikia. Lakini Triza amekwisha kubadilisha kiungo kilichovunjika, amelijaza tena tangi maji, na ameapa kwamba akiikimbia mashine aliyoiunda kwa mikono yake, hatakuwa na sababu ya kushika chombo kingine maishani.

Nisalimie mkaza mjomba na watoto, Mitchelle na Mulama mdogo. Mola ayalinde macho yako na cheche, na usiku wako na hofu.

Kikao cha mafundi wote ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri, mbele ya karakana. Mwenyekiti ni Triza, si mimi. Niliyepaza sauti ya moto nitaanza kwa kuomba radhi, kisha nitanyamaza. Saa tisa na nusu ataiwasha, nasi tutasimama tukiizunguka, mikono mitupu, atakayekuja na aje.

Mpwa wako, akupendaye kwa moyo usiotulia,

Owen