Pale Uliponyamaza

Clarksdale, Agosti 1956

Mume wangu Otha,

Bamia zimekubali mwaka huu. Paa bado linavuja.

Wimbo wako unapigwa redioni kutwa, ila anauimba kijana wa Kizungu, na jina lako halitajwi. Hata pale uliponyamaza siku ya kurekodi, binti yetu Verlene, akiwa bado mchanga, alipolia mapajani mwangu, kijana huyo naye ananyamaza.

Jana binti yako kaniuliza, "Mama, mbona huyu anakatisha?"

"Anangoja wewe unyamaze."

Akacheka. "Mimi si nilishanyamaza zamani?"

Huko Chicago umeusikia? Barua zako hazisemi.

Kila mara wimbo wako ukifika kwenye kile kimya naacha kuosha vyombo, Otha, nikidhani sauti itakayofuata ni yako.

Mkeo anayekungoja,
Lovie