Tumbo la baba mkubwa linasikilizwa na kilima kizima

Mama Mshauri mpendwa, naomba unisaidie haraka maana sijui nimwogope nani zaidi, baba mkubwa wangu au ugonjwa wake. Mimi ni binti, nimemaliza shule mwaka huu hapa Wamaza, na kwa kuwa najua simu nimepewa kazi ya kumpigia daktari wa mjini Kasongo anayemtibu baba mkubwa vidonda vya utumbo, ugonjwa wa miaka mingi, ili mzee asipande pikipiki kila mara kwenda huko, lakini mtandao unapatikana kilimani tu, ambako kila mtu huja kupiga simu, na simu yetu inasikika kwa kipaza sauti tu, basi daktari akiuliza, "Choo kikoje?" watu wote hunyamaza wakingoja jibu, na juzi jirani yetu Mama Malaika alidakia, "Dokta, jana alikula pilipili, niliona!" na mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Rudilia, siye huku hatukusikia!" Baba mkubwa akanikazia macho, akasema, "Weye mutoto, tumbo yangu haiko redio," kwa hiyo daktari alipouliza kama kuna damu nikasema hakuna, naye akafurahi, akapunguza dawa. Damu iko, mama. Sasa akitoka chooni anashika ukuta, na amenikataza kusema. Je, mtoto anaweza kumkatalia mzee?

Mwenye haya, Wamaza

Binti yangu,

Jina lako umelificha vizuri, la baba mkubwa umeliandika mara tatu. Tumelifuta. Nimecheka hadi nilipofika kwenye ukuta, hapo nikaacha kucheka.

Pole, lakini umekosea. Kumheshimu mzee si kumsaidia afe kwa adabu. Daktari aliye mbali hana macho kwenu wala mikono, ana maneno yako tu. Ukimpa uongo, anatibu tumbo la mtu mwingine.

Leo hii, mbele ya mama mkubwa, mke wake, mwambie mzee kwamba utasema kweli. Atafoka. Mwache afoke, kisha panda kilima. Haya ikikukaba, mwandikie daktari ujumbe, maana ujumbe hauna kipaza sauti. Dawa msiongeze wala kupunguza wenyewe. Damu ikizidi au akianguka, acheni simu, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

Na wale wasikilizaji? Watangazie kwamba mnatafuta watu wanne wenye nguvu wa kumbeba mgonjwa hadi barabarani. Utashangaa wangapi watakumbuka kwamba wameacha chungu motoni. Kilima kikibaki kitupu, sema "damu". Ni neno fupi, binti. Liseme leo.