Nani Alivunja Kioo cha Kabati

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili mchana.

Mpendwa kitindamimba wetu,

Kabla hujasoma, geuza bahasha uitazame. Nimeipaka gundi, halafu nikaishona kwa uzi mwekundu, mishono ya karibukaribu kama pindo la gauni la bibi harusi. Kama uliikuta na uzi umeshakatwa, au si mwekundu, basi kuna mtu keshaisoma kabla yako. Unaona ulivyotufanya? Fundi cherehani mzima nakaa kushona bahasha.

Hujambo lakini? Kifua kimepona na hiyo baridi, au bado unakohoa? Unakula chakula cha maana, au ni yale yale ya mkate na chai mbele ya kompyuta? Shikamoo yako nimeipokea ingawa hukuituma, maana najua ungeituma kama usingekuwa umenifungia simu. Mimi mzima, ila macho yameanza kunisumbua nikitunga uzi kwenye sindano. Kaka mkubwa yuko safarini na lori lake. Ya Mama nitakueleza, wala usiruke ukurasa ukayatafute.

Najua hapo ulipo umekunja uso, unajiuliza kama kweli ni mimi. Haya. Uliwahi kumeza kifungo cha shati la shule, ukalia siku nzima kwa sababu mimi nilikudanganya kwamba kitaota shati tumboni. Nani mwingine analijua hilo? Na mwandiko huu mbaya unaujua, walimu waliusema mpaka wakachoka.

Barua yako ya mwisho nimeisoma mpaka imelegea mikunjo. Ulinieleza masomo yako ya uzamili ya usalama wa mtandao yalivyo: maabara isiyo na dirisha, nusu ya darasa mnafanywa wezi na nusu mnafanywa walinzi, wezi wanaingilia kompyuta, walinzi wanawafukuza, kisha mnabadilishana. Na mwalimu wenu anayewaambia kila asubuhi msimwamini mtu hata awe na sauti ya mama yenu, mpaka athibitishe. Niliposoma hapo nilicheka. Sikujua kwamba umeyachukua hayo maneno kama yalivyo.

Sasa nikukumbushe mambo yalivyokwenda, usije ukasema nimetia chumvi.

Ulipoanza tasnifu yako ya sauti za kughushi ulimpigia Mama, ukamsomesha sentensi chungu nzima ili uzirekodi. Mama akasoma, akajikaza, akavaa na miwani ya marehemu baba. Baadaye ukatuandikia sote kwamba mwenzako wa maabara, huyo mnayemwita Komando, ameweza kuichukua sauti yake na kuifanya iseme maneno ambayo Mama hajawahi kuyasema. Wewe ulifurahi. Mimi machale yalinicheza tangu siku hiyo. Nikajiuliza, huyo Komando anataka nini na sauti ya mama yetu?

Ndipo ukaleta sheria ya familia. Yeyote akipiga kwa namba ngeni na kusema ni mmoja wetu, aulizwe nani alivunja kioo cha kabati la vyombo. Jibu: paka. Ukasema hilo jibu ni zuri kwa sababu mgeni atabahatisha jina la mtoto. Mjomba alilisifu sana. Mimi nilikutazama kwa mbali hukohuko uliko, kwa sababu sisi wawili tunajua kwamba paka wa watu hakuvunja kitu. Ulivunja wewe, kwa mpira wa soksi, baba akiwa kazini, nami nikaapa nawe kwamba tutamsingizia paka. Baba akamfukuza paka nyumbani. Siri hiyo tumekaa nayo wawili mpaka tumekuwa watu wazima.

Halafu likaja lile tangazo lako kwenye kundi la familia, herufi kubwa tupu. TAHADHARI. Kwamba kuna tapeli amekupigia kwa namba ngeni na sauti ya Mama, umemuuliza la kabati, kashindwa, umemkatia simu. Tuizuie namba hiyo sote, na Mama asiambiwe, asije akaingiwa na hofu. Tukatii. Mjomba akazuia, kaka akasimamisha lori pembeni akazuia, nami nikaweka mkasi chini nikazuia.

Jioni hiyo hiyo ukaniandikia mimi peke yangu. Ukasema yule tapeli hakusema paka. Alisema ni wewe. Ukaniuliza, "Dada, umemwambia nani?"

Mimi! Mimi niliyechapwa mara mbili kwa kushikilia kwamba ni paka! Nilijichoma sindano. Kama siri wanaijua wawili, na mmoja wao anajua hakusema, basi aliyesema ni nani? Nikakujibu hivyo, kwamba umemropokea Komando mkiwa mnakunywa chai, naye sasa ana sauti na ana siri. Ukakasirika, ukasema simu yangu huenda imeingiliwa, ukatufungia sote mpaka umalize mitihani na uchunguzi wako. Eti wa kwetu akitaka kusema nawe aandike barua. Umesafiri kote huko kusomea kompyuta, na kitu pekee unachokiamini siku hizi ni karatasi.

Basi nami nikageuka mpelelezi, na mshukiwa wangu wa kwanza alikuwa jirani. Kuna fundi simu karibu na kwa Mama, mwenye kibanda cha bluu. Nilijua Mama huenda pale. Nikamwendea na simu yangu eti haichaji, nikamzungusha kwa maneno, kisha ghafla nikamtajia ile namba. Ungemwona! Bisibisi ilimtoka mkononi. Akajifanya hamnazo, mara hajui, mara laini anauza nyingi, mara niwahi mvua. Nikamtolea macho, akayakwepa. Nikaondoka nikiwa na hakika kwamba Komando ana mtu wake huku kwetu. Usicheke. Ungekuwa wewe ungemwandikia tasnifu.

Siku iliyofuata nikaazima simu ya mteja aliyekuja kupunguziwa sketi, nikaipiga ile namba. Ikaita kidogo tu. Sauti ikasema, "Haloo, nani mwenzangu?" Mdogo wangu, ilikuwa ya Mama. Sauti ile ile, hata kile kikohozi kidogo anachokitanguliza kabla ya kuongea. Nikakata. Nikasema moyoni, hawa watu wamefika mbali, na aliyewapa njia ni mtoto wetu wenyewe.

Nikaamua nimwambie Mama, upende usipende. Nilipanga nikae naye hapa chumba cha mbele, niipige namba mbele yake, asikie kwa masikio yake mwenyewe anavyoigizwa, ili siku wakimwendea ajihadhari. Nikaja, nikamwamkia, tukanywa chai. Nilimwona amepungua. Nikamwambia, Mama, sikiliza kitu hiki, usiogope. Nikapiga.

Kabati la vyombo likaanza kulia.

Mlio ulitoka nyuma ya ule ubao ambao baba aliugongelea mahali pa kioo. Mama hakushtuka. Aliinama akatazama mikono yake, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Nikafungua. Katikati ya vikombe kulikuwa na simu ndogo ya vitufe, imefunikwa na kitambaa cha sahani.

Yule tapeli uliyemkatia simu ni Mama.

Kaa chini kama umesimama. Ile simu kubwa uliyomtumia uliiwekea namba ya siri, ukamwambia aibadilishe mara kwa mara na asiiandike popote. Akaibadilisha, akaisahau. Akajaribu mpaka simu ikajifunga. Tukimpigia anaweza kupokea, ndiyo maana hatukugundua, lakini yeye kupiga hawezi. Akaona haya kutuambia. Anasema mara ya kwanza aliposahau ulimwambia, "Mama, hata namba nne tu?" Hukumbuki, najua. Yeye anayesahau kila kitu, hilo halikumtoka. Akaenda kwa fundi, akanunua hiyo ndogo na laini mpya, akaingiziwa namba zetu kutoka daftari lake la zamani, akamwomba asituambie mpaka atakapoikumbuka ile namba. Fundi wa watu alikuwa anatunza siri ya mama yetu, nami nilikuwa karibu kumwitia polisi.

Na kwa nini alikupigia? Alikwenda hospitali mwenyewe kwa sababu ya huo usahaulifu, hakumwambia mtu. Daktari akampima, akamwambia arudi na mmoja wa watoto wake. Akakuchagua wewe kwanza, ingawa uko mbali, eti wewe ndiye msomi, utamwambia aseme nini. Anasema ulipokea, ukamuuliza habari za kabati. Akashangaa. Sheria yako ya paka alikuwa ameisahau, lakini la kabati anayelikumbuka zaidi ni yeye. Akadhani umeguswa na dhamiri ukataka kuungama. Akakwambia ukweli. Ukakata.

Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kwa yale macho yake ya kutupima.

"Nilikuwa naanika nguo dirishani. Niliona mpira, nikaona na kioo."

Alijua siku ile ile! Akanyamaza kwa sababu baba siku hizo mkono wake ulikuwa mzito, na wewe ulikuwa mdogo. Unakumbuka paka alivyokataa kuondoka, akawa anashinda nyuma ya nyumba ananenepa tukashangaa anakula nini? Ni Mama aliyekuwa anampelekea maziwa, kwa kumwonea huruma kwa kosa lako.

Kwa hiyo mdogo wangu, kati ya sisi sote, aliyejibu swali lako sawasawa ni yeye peke yake. Hakuna Komando duniani ambaye angelijua jibu lile. Ulikuwa na uthibitisho masikioni mwako, ukauita utapeli.

Baada ya hapo akampigia mjomba, akakuta kimya. Akampigia kaka, kimya. Akanipigia mimi. Mimi, mtoto wake wa kike, niliyemzuia kwa kidole hiki hiki kinachoandika. Siku ya daktari akaenda peke yake. Daktari akamweleza, akarudi nyumbani, na anachokumbuka ni kwamba kiti kilikuwa cha kijani. Nilipompigia kwenye ile simu kubwa kumsalimu hakulalamika hata neno moja. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia kuwa nampuuza. Akasema alidhani tumemchoka, akaona asitusumbue. Nililia, sikufichi, pale pale kwenye mlango wa kabati.

Juzi nilikwenda naye. Daktari amesema ni ugonjwa, si uzee tu, na utazidi. Dawa ya kuuponya hakuna, zipo za kuupunguza kasi kidogo. Ataanza kwa kusahau mambo ya karibuni, kisha majina, na mwishoni huenda nyuso zetu. Ya zamani yatakaa zaidi. Sijui ana muda gani wa kututambua, na daktari naye hajui. Nimehamishia cherehani hapa chumba cha mbele, nashona huku namwona. Kaka akirudi safari atalala hapa.

Ninachokuomba ni hiki. Ifungulie ile namba leo, ukishamaliza tu kusoma. Mpigie. Usimuulize swali lolote. Akikuita kwa jina la kaka, itika. Akikuita kwa jina la baba, itika vilevile. Mitihani yako ikiisha, njoo, hata kama ni kwa siku chache, wakati bado anajua ni nani anayeingia mlangoni. Masomo yako simaanishi uyaache. Yana kazi yake, na wezi wa kweli wapo, mimi mwenyewe sasa namshuku mpaka anayesoma mita ya maji.

Na hili nalo nikuambie. Nilipomweleza Mama kuhusu sheria yako na jibu la paka, nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniomba nimrudie tena jibu, akalisema polepole, akalisema tena. Tangu siku hiyo analikariri akiosha vyombo. Na sasa ile simu ndogo ikilia, namba yoyote ile, hasemi tena haloo nani mwenzangu. Anaiweka sikioni na kabla mtu hajafungua mdomo anasema, "Paka." Halafu anangoja asikie kama atakatiwa.

Ukipiga utaisikia hiyo. Usimwambie amepata. Mwambie ni wewe uliyevunja.

Mjomba anakusalimu, ameona haya mpaka amekuja na mkasi wake wa kinyozi kumnyoa nywele Mama bure na kumpotezea nusu ya siku kwa maneno. Kaka mkubwa ametuma salamu kutoka njiani. Fundi simu naye anakusalimu ingawa hamjuani, na Komando mwombe radhi kwa niaba yangu, lakini ile sauti ya Mama mwambie aifute. Mungu akufungulie mitihani, akulindie kifua, akurudishe kwetu salama.

Ni mimi akupendaye, hata ukiwa umenifungia,
Dada yako wa kifungo cha shati.