Shaba Yenye Mabaka

Jumatatu, 4 Machi
Bodi ya kwanza ya saketi imeharibika. Pembeni shaba imelika vizuri, katikati imebaki mabaka matupu. Dawa ya kula shaba ni mpya, beseni safi, nimelitikisa mpaka mkono ukafa ganzi. Mume wangu kapita, kauliza tunakula saa ngapi. Mcheshi!

Ni saketi ya taa ya Baba. Mgeni akibonyeza kitufe nje, taa iwake ndani. Maana jana tulipotoka tukamwacha Baba peke yake, Shangazi alibisha wee, Baba hakusikia hata hodi moja. Kaondoka akiamini kaka yake kamfungia mlango! Baba naye anashikilia hakubisha mtu, masikio yake mazima. Nimembembeleza Shangazi kwa simu. Atakuja Jumamosi. Mlango ukiwa kimya tena, hatii mguu hapa maishani.

Jumanne, 5 Machi
Bodi ya pili nayo: nimepasha dawa joto juu ya maji moto. Yaleyale! Mdogo wangu, fundi simu, anasema dawa imechoka. Imechoka wapi, nimeifungua jana? Kuchoka nimechoka mimi.

Leo jioni nimechora njia za umeme kwenye bodi nyingine kwa rangi ya kucha ili dawa isizile, kama kawaida, nikaiacha juu ya meza ya sebuleni ikauke hadi kesho.

Jumatano, 6 Machi
Mabaka tena. Nilitaka kulia, kisha nikaipeleka dirishani. Ni ya duara! Duara juu ya duara. Mkono huo naujua — ndio ulioing'arisha meza yetu, kabati letu, na kila kiti humu ndani. Baba, seremala mstaafu, na kitambaa chake cha nta! Dawa itapitaje kwenye nta?

Nikamuuliza kwa sauti ya juu, mdomo sikioni. Kajibu kwa fahari:

"Nimepaka mara mbili. Shaba haiachwi uchi, mwanangu. Itafifia."

Mimi nalaumu dawa, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Kumgombeza nimeshindwa, alikuwa ananisaidia. Bodi mpya niliyochora leo nimeifungia kabatini.

Alhamisi, 7 Machi
Imelika! Safi, pembe hadi pembe, kwa muda mfupi tu. Nimeibusu. (Baada ya kuiosha.)

Jumamosi, 9 Machi
Taa iko ukutani, mbele ya kiti cha Baba. Kibao chake kakitengeneza mwenyewe — kina nta, bila shaka. Nimejikunja pembeni na daftari, nimewakataza wengine wote wasifungue mlango, afungue Baba.

Imewaka!

Baba anasema imeharibika. Hajasikia hodi.

Imewaka tena. Anaitazama. Ananitazama mimi. Nje sauti ya Shangazi naisikia vizuri kabisa, yeye haisikii.

"Kumbe siku ile alibisha kweli," kasema, polepole.

Kainuka, kandambili mguu mmoja, kitambaa cha nta mkononi. Taa inawaka mara ya tatu. Kashika ufunguo, anauzungusha.