Anayemaliza Unga wa Neema

Mutanga Nord, Bujumbura

Dada yangu Zuhura,

Natumaini goti limekuachia kidogo na shemeji amepunguza kukohoa. Mimi ni mzima, na bado nabishana na kila mtu.

Uliniagiza nimchunguze binti yako Neema, kwa kuwa anaomba matumizi kila mara nawe unaamini kuna mwanamume anayezila hizo pesa. Ukasema ikithibitika, anaacha chuo na kurudi Kigoma. Basi nilikwenda nimejiandaa kugomba. Kweli, kila kitu hapa kimepanda, makaa, pango, nauli. Nimeshaandika makala za hasira juu ya hayo. Lakini wapangaji wenzake ni wanafunzi vilevile, wanatumiwa pungufu kuliko yeye, na hawalali njaa. Nikataka kujua kwa nini.

Nilimkuta uani, kapika ugali na dagaa wa mawese, kakaa mkekani, na kila apitaye anamwambia, "Karibu chakula!" Kwetu mtu hujibu asante, akaenda zake. Hapa watu hula ndani, mlango umefungwa. Akikuita mtu kwenye sahani yake, anamaanisha. Wakanawa, wakaketi.

Mama Chantal, mwenye nyumba, alicheka. "Uyu mutoto anaita watu wote! Wakikuja, chakula inaisha. Mi nimufukuze nani?"

Nikamgeukia mwanafunzi mmoja Mkongomani, tonge mkononi. "Huoni haya?"

"Vieux, muzee wangu, yeye alisema karibu. Mi nikatae chakula ya mutu? Ile si matusi?"

"Na wewe huwa unaleta nini?"

"Ajaniomba kitu."

Nikamwambia Neema naye ale ndani.

"Mjomba, nijifungie nile peke yangu? Mama akisikia?"

Mwanamume hayupo, dada. Anayemaliza unga ni wewe na malezi yako, na kwa hilo sitakubali mtu akugombeze. Tumeafikiana tu kwamba anayekaribishwa aje na kitu. Jana yule Mkongomani alileta fungu la lengalenga, yaani mchicha, akaketi kifua mbele kama mwenye nyumba.

Nisalimie mama mkubwa, shemeji, na shangazi wa dukani aliyekuletea uvumi ule.

Neema alisikia uamuzi wako akaanza kufunga sanduku. Nimelichukua, liko kwangu. Ukitaka arudi, njoo ulibebe mwenyewe.

Mdogo wako,
Idrisa