Mzee Kibwana Haonji Tena Dawa

Baba yangu, shikamoo.

Naandika huku natafuna hindi la kuchoma, maana baridi ya Mgeta ni kama ya kwetu Machame. Baba, leo nimeshinda!

Kuna mkulima wa kabichi huku, Mzee Kibwana. Tangu biashara iachiwe huru, dawa ya wadudu inauzwa gulioni kwenye chupa za soda bila maelezo yoyote, basi yeye huionja kwa ncha ya ulimi ajue kama ni kali. Miezi miwili iliyopita nilimpima damu. Kile kimeng'enya kinachotuliza mishipa ya fahamu kilikuwa kimeshushwa vibaya na sumu ya dawa hiyo. Akanicheka mbele ya watu: "Mwanangu, mimi nabeba magunia mlimani. Kinachoumwa ni hicho kimashine chako." Nikamwomba asiguse pampu ya kunyunyizia wala chupa ya dawa mpaka nirudi. Akakubali, ili aniumbue.

Leo nimempima tena. Kimeng'enya kimepanda! Mzee akaitazama mikono yake, akauliza polepole, "Kumbe kule kutetemeka asubuhi hakukuwa uzee?" Sasa yeye ndiye msimamizi wa foleni ya kupimwa, anawakaripia wenzake wanawe mikono kwa sabuni kabla sijawatoboa kidole.

Nawe Baba, najua unavyoijaribu kwa ulimi dawa ya wadudu wa kahawa. Nimekuona tangu nikiwa mdogo. Krismasi nakuja na kimashine changu, na kidole cha kwanza ni chako. Mpaka hapo, ulimi wako uonje pombe yetu ya mbege tu.

Bintiyo anayekupenda,
Aika