Mjomba Aliwaomba Radhi Watahini

Tangazo rasmi kwa wakazi wote wa bweni letu: mimi, mkufunzi mkuu wa karate wa kujipachika, nimestaafu leo saa nne asubuhi.

Nimejifungia chooni hapa kwenye ukumbi wa mtihani. Sihisi kitu, hata aibu yenyewe haijafika.

Unakumbuka nilivyomdanganya mjomba, yule fundi cherehani aliyeanza karate? Nilimwambia kwamba kwenye mtihani wa mkanda wa njano, mtu akikosea hatua lazima asimame, amwinamie kila mtahini na kumwomba radhi. Nilidhani mwalimu wake angemrekebisha mapema.

Hakumuuliza mwalimu. Aliniamini mimi.

Leo alikosea hatua ya tatu. Akasimama. Akawainamia watahini watatu, mmoja mmoja. "Naomba radhi." "Naomba radhi." "Naomba radhi." Akakosea ya tano, akaanza tena kuinama. Watoto wa miaka minane waliokuwa wakisubiri zamu walicheka hadi wakakaa chini.

Mtahini mkuu akamuuliza, "Mzee, nani kakufundisha haya?"

"Mpwa wangu," akasema. Kwa fahari, unanielewa? Kwa fahari. "Yule pale. Kila jioni ananisimamia mazoezi."

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nikasimama, nikasema sheria hiyo niliitunga mimi.

Mjomba akaambiwa arudi kujaribu tena baada ya miezi mitatu. Alinijia akikunja mkanda wake mweupe, akaniuliza taratibu, "Na ile ngumi uliyonifundisha, nayo ni ya uongo?"

Nikamwambia ngumi ni ya kweli.

Hata ngumi niliitunga, ndugu yangu. Ndiyo maana bado niko chooni.